Kutumia Optional katika Java pale thamani inapoweza kukosekana

Mwongozo huu umetokana na kumsaidia kijana aliyekuwa katika mafunzo kwa vitendo, ambaye programu yake ya duka ilikatika kwa NullPointerException (hitilafu ya kutumia null, yaani mahali pasipo na thamani) kila alipotafuta mteja asiyekuwemo kwenye kanzidata. Optional ni kama kisanduku ambacho huwa na thamani moja ndani yake au huwa tupu. Unahitaji Java 8, iliyotoka mwaka 2014, au toleo la baadaye.

Hatua ya 1. Fanksheni ya kutafuta irudishe `Optional<Mteja>` badala ya `Mteja`.

Hatua ya 2. Ifunge thamani kwa `Optional.ofNullable`. Ukitumia `Optional.of`, null itakurudishia hitilafu ile ile uliyokuwa ukiikimbia.

Hatua ya 3. Amua kitakachofanyika mteja asipopatikana. Hapa ndipo mimi mwenyewe niliwahi kupoteza siku nzima, kwa sababu ya mstari huu:

`tafuta(simu).orElse(sajili(simu))`

Nilidhani `sajili` ingeitwa pale tu mteja anapokosekana. Kumbe Java hukokotoa kilichomo ndani ya mabano kabla ya kuiita `orElse` yenyewe, hivyo kila mteja wa zamani alipofika kununua alisajiliwa upya. Mteja aliyerudishwa alikuwa sahihi, lakini rekodi ya pili ilibaki kwenye kanzidata. Hakuna hitilafu iliyojitokeza, na majaribio yote yalipita kwa kuwa yalikagua jibu peke yake, nami nikawa nailaumu kanzidata isiyo na kosa. Dawa yake ni hii, ambayo huita `sajili` pale tu Optional inapokuwa tupu:

`tafuta(simu).orElseGet(() -> sajili(simu))`

Tangu siku hiyo `orElse` naitumia kwa thamani iliyokwisha kuwepo tu, kama neno "Mgeni". Hata hapo kuna tahadhari: usiweke 0 mahali pa deni lisilojulikana, maana kutodaiwa na kutojulikana deni ni mambo mawili tofauti. Ikiwa kukosekana kwenyewe ni kosa, tumia `orElseThrow` na uitaje namba iliyotafutwa kwenye ujumbe wa hitilafu.

Hatua ya 4. Unganisha hatua zinazofuata kwa `map`, ambayo huipitisha thamani iliyomo kwenye fanksheni unayoipa. Fanksheni uliyoipa ikirudisha null, utapata Optional tupu. Ikiwa inarudisha Optional, tumia `flatMap` ili usipate Optional ndani ya Optional.

Hatua ya 5. Futa kila `get()`, inayochukua thamani bila kukagua kama ipo, kwani kwenye Optional tupu hurusha NoSuchElementException, na hapo umebadilisha jina la tatizo tu. Kwa orodha, rudisha orodha tupu bila kuifunga ndani ya Optional.