Namna ya Kushiriki katika Uamuzi wa Matibabu ya Saratani ya Titi

Mara nyingi mwanamke mwenye saratani ya titi huwa mtu wa mwisho kuambiwa hali yake. Daktari huzungumza na mume au kijana mkubwa, ndugu hukaa kikao, na mgonjwa huletewa uamuzi uliokwisha kupita. Ndugu hufanya hivyo kwa kumhurumia, na huruma hiyo si ya kubezwa. Hata hivyo mwili utakaopasuliwa na kutiwa dawa ni wake, na yapo maswali ambayo hakuna awezaye kuyajibu kwa niaba yake. Kwa hiyo anza kwa kumwambia daktari mapema, kwa adabu lakini waziwazi, kwamba unataka majibu uelezwe wewe mwenyewe, kisha umtaje ndugu mmoja unayemwamini awepo kusikiliza na kuandika yanayosemwa.

Usiingie katika mazungumzo ya matibabu kabla ya kuijua saratani yako. Omba nakala ya ripoti ya patholojia, yaani majibu ya kinyama kilichochukuliwa kwenye uvimbe, na uelezwe kwa Kiswahili cha kawaida: ni ya aina gani, imefikia hatua ya ngapi, imeingia kwenye tezi za kwapani au la, na kama ina vipokezi, yaani protini za seli zinazopokea ishara ya kukua, vya homoni au vya aina iitwayo HER2. Swali la vipokezi husahaulika sana, nami nasisitiza liulizwe, kwa sababu tamoksifeni, kidonge kinachomezwa kila siku kwa miaka 5 na wakati mwingine 10, humsaidia mgonjwa ambaye saratani yake ina vipokezi vya homoni na hakimfai asiye navyo. Kama kipimo hakijafanyika, uliza kitafanyika wapi na kwa gharama gani.

Uliza pia lengo la matibabu. Dawa zilezile zinaweza kutolewa ili kuponya, au ili kurefusha maisha na kupunguza maumivu, na mgonjwa ana haki ya kuzipima tofauti: aliye tayari kuvumilia miezi ya kichefuchefu na uchovu kwa tumaini la kupona huenda asiwe tayari pale tumaini hilo lisipokuwepo.

Mgonjwa ana nafasi kubwa zaidi ya kuchagua katika upasuaji. Wengi hudhani kuwa kuondoa titi lote ndiyo njia salama kuliko zote. Tafiti mbili kubwa, moja ya Milan na nyingine ya Marekani, ziliwafuatilia wanawake kwa miaka 20, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kuwa walioondolewa uvimbe tu, titi likabaki na kupigwa mionzi, waliishi muda sawa na walioondolewa titi lote, ingawa kwa hao waliobaki na titi ugonjwa ulirudi mahali palepale mara nyingi zaidi. Njia hiyo hutaka uvimbe usiwe mkubwa mno kulingana na titi (tibakemia, yaani dawa za kuua seli za saratani, ikitangulia inaweza kuupunguza), na hutaka mionzi ifuate. Hapo ndipo mazingira yetu yanapoingia. Nchini Tanzania mionzi hupatikana katika hospitali chache, kama Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam na Bugando jijini Mwanza, na kwa kawaida hutolewa siku 5 kila wiki kwa wiki kadhaa. Anayetoka Songea au Kigoma aulize atafikia wapi, nauli itatoka wapi, na afisa ustawi wa jamii wa hospitali anaweza kusaidia nini. Akiamua titi liondolewe kwa sababu hana pa kufikia, uamuzi wake ni wa busara, mradi ameufanya akijua. Lakini kwanza aulize kama hata baada ya hapo mionzi itahitajika, maana kwa baadhi ya wagonjwa huhitajika.

Kabla ya dripu ya kwanza ya tibakemia, sema kama bado unatarajia kuzaa, kwa kuwa dawa hizo zinaweza kudhoofisha uzazi. Taja pia dawa za miti shamba unazotumia, bila hofu ya kukaripiwa.

Kuhusu muda, muulize daktari, "Nikisubiri wiki moja nitapoteza nini?" Saratani ya titi kwa kawaida huruhusu siku kadhaa, hata wiki moja au mbili, za kutafakari na kutafuta maoni ya daktari mwingine, lakini hairuhusu miezi. Fomu ya ridhaa isisainiwe kabla hujaweza kueleza kwa maneno yako utafanyiwa nini na njia nyingine ilikuwa ipi. Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu akueleze njia za matibabu, faida, madhara na gharama zake, pamoja na haki yako ya kukataa, kwa lugha unayoielewa.

Kuanza matibabu hakufungi mlango wa maswali. Ukiona huwezi kuendelea, usiache kliniki kimyakimya; rudi useme, kwani daktari anaweza kupunguza dozi, kubadilisha dawa, au kukuunganisha na wahudumu wa tiba shufaa, ambao hutuliza maumivu hata wakati matibabu ya saratani yanaendelea.