Vamikulaiti ni ya trei na kopo. Tuta liachie mboji

Mfuko wa vamikulaiti ukifunguliwa mbele ya watu, swali la kwanza huwa ni lile lile: "Bwana shamba, hii nayo ni mbolea?" Si mbolea. Ni jiwe la jamii ya ulanga, lile linalokaa tabaka juu ya tabaka. Likiingizwa kwenye tanuru la nyuzi joto 800 hadi 1,000 za Selsiasi, maji yaliyojificha kati ya tabaka hugeuka mvuke na kulifumua kama bisi. Kinachobaki ni punje nyepesi za rangi ya kahawia yenye kung'aa. Ukizibana kwa vidole zinabonyea.

Bonyeo hilo likumbuke, maana ndiyo sababu ya ushauri wote unaofuata.

Punje ikiwa haijabanwa hushika maji na hewa kwa pamoja katikati ya tabaka zake. Zaidi ya hapo, kuta zake hunasa virutubisho kama amonia, potasiamu na magnesiamu, kisha mizizi huvichukua polepole. Ndiyo maana mche ulio kwenye mchanga mtupu una njaa siku chache baada ya kuwekewa mbolea, wakati ulio kwenye mchanganyiko wenye vamikulaiti bado unakula. Vamikulaiti yenyewe ina potasiamu na magnesiamu kidogo, lakini usitegemee hayo kulisha mboga.

Wengi wanaoinunua wanaimwaga kwenye tuta la bustani. Hapo ndipo fedha inapopotea. Piga hesabu ya tuta dogo la nyuma ya nyumba, upana mita 1, urefu mita 3, udongo wa kina cha sentimita 15. Hiyo ni lita 450 za udongo. Ukitaka vamikulaiti iwe sehemu moja ya tano, unahitaji lita 90. Lita hizo hizo 90, zikichanganywa nusu kwa nusu na mboji, zinajaza zaidi ya trei 50 za kusia miche, zenye matundu 128 kila moja, ikiwa kila tundu linachukua mililita 25. Tuta moja la mchicha, au miche ya kuuzia mtaa mzima na majirani zao.

Halafu kuna jembe. Kwenye udongo mwekundu wa mfinyanzi, kama ule wa sehemu nyingi za Njombe na Mufindi, kila palizi na kila unyayo unazibana punje. Baada ya misimu michache zinakuwa vipande laini visivyo na hewa ndani, na udongo unarudi kushikamana kama zamani. Udongo wa volkano wa Rungwe wenyewe ni mwepesi na unashika maji vizuri, kwa hiyo sioni mkulima wa Tukuyu, mji wa huko Rungwe, anaitafutia nini vamikulaiti. Hata Isimani kwenye ukame, tuta linalotunzwa kwa mboji na matandazo ya majani makavu linakwenda mbali kuliko mfuko wa dukani.

Sasa trei, ambako inastahili bei yake.

Chekecha mboji iliyoiva kabisa, chukua ndoo moja yake na ndoo moja ya vamikulaiti ya punje ndogo, za milimita 1 hadi 2. Nyunyizia maji huku unageuza. Kamata konzi moja uikamue: yakitoka matone mawili matatu, inatosha, yakichuruzika, umezidisha, ongeza mchanganyiko mkavu. Jaza trei, igonge mara moja chini ili udongo ushuke, usishindilie kwa kiganja. Toboa kishimo kidogo kwa ncha ya kidole, weka mbegu ya nyanya, hoho au kabichi, kisha ifunike kwa vamikulaiti tupu isiyozidi nusu sentimita.

Kifuniko hicho mimi nakithamini kuliko kitu kingine chochote kwenye kazi hii. Udongo wa kawaida ukimwagiliwa kwa keni na kupigwa na jua la mchana hutengeneza gamba juu, na mche mdogo unashindwa kulipasua. Vamikulaiti haifanyi gamba. Mbegu za saladi, ambazo nyingi huota vizuri zikipata mwanga, zifunike kwa tabaka jembamba sana, mwanga utapenya.

Kuna faida ya pili. Kwa kuwa imetoka tanuruni, haina ukungu wala mbegu za magugu. Kinyausi, ule ugonjwa unaokata miche ya nyanya usawa wa udongo ikalala usiku mmoja, mara nyingi huletwa na udongo mchafu ukisaidiwa na maji mengi. Mboji ambayo haikupata joto la kutosha kwenye biwi inaweza kuuleta pia. Usipoiamini mboji yako, tumia vamikulaiti na nyuzi za nazi peke yake, ila ukumbuke mchanganyiko huo hauna chakula. Majani halisi ya kwanza yakishatoka, anza kuipa miche mbolea ya maji mara moja kwa wiki, nusu ya kiwango kilichoandikwa kwenye pakiti.

Ushauri mwingi wa vamikulaiti umeandikiwa watu wa joto. Juni na Julai kwetu ni kitu kingine. Mbeya, Makete na Njombe kwenye baridi ile, maji yanakawia kukauka, na kitu kinachoshika maji kinakuwa adui wa mizizi. Miezi hiyo punguza vamikulaiti hadi robo ya mchanganyiko, na robo nyingine weka kokoto nyepesi za volkano zilizochekechwa za milimita 2 hadi 5. Watu wa Mbeya wanazo karibu. Inua trei kwenye kichanja, mwagilia asubuhi, na kabla ya kumwagilia choma kidole ndani. Juu pakavu si dalili ya kiu.

Kwa makopo na ndoo kuukuu, sehemu moja ya vamikulaiti ya punje za kati, sehemu moja ya mboji na mbili za udongo mzuri zinafaa kwa stroberi, hoho na viungo. Toboa ndoo chini. Vipandikizi vya rozimari na mawaridi huota mizizi vizuri kwenye vamikulaiti yenye unyevu, bila mbolea yoyote.

Dukani, usichukue ile ya ujenzi. Baadhi yake imetiwa dawa ya kufukuza maji, na mmea utakaa mkavu huku unamwagilia. Mfuko wenye vumbi jingi chini umeshabanwa njiani. Wanaosoma habari za asbestosi mara nyingi wanakutana na mgodi wa Libby, Montana, Marekani, ambao vamikulaiti yake ilichanganyika na madini hayo hatari. Ulifungwa mwaka 1990. Hata hivyo vumbi ni vumbi: lowesha kabla ya kumimina na vaa barakoa.

Usipoipata, pumba za mpunga kutoka mashine za Igurusi zinafanya sehemu ya kazi. Zichome hadi ziwe nyeusi, uzime kwa maji kabla hazijawa majivu, uzisuuze. Hazishiki maji kiasi hicho, kwa hiyo mboji iwe nyingi zaidi. Unga wa mbao mbichi wa Mafinga usiuguse kwa ajili ya miche, kwani ukiwa unaoza unakula naitrojeni yote.

Mchanganyiko uliobaki kwenye trei baada ya kupandikiza unaweza kutumika tena kwa kabichi au saladi ukiongezwa mboji mpya. Ila trei iliyopata kinyausi, mwaga vyote shinani mwa migomba, osha trei kwa sabuni, loweka kwenye maji yenye jiki, suuza na uianike juani kabla ya kusia tena.