Kupima uvujaji wa hewa katika chumba chenye kiyoyozi

Kiyoyozi kikinguruma usiku kucha Dar es Salaam, Tanga au Mombasa na shuka bado zina unyevunyevu, kabla ya kumwita fundi wa gesi kipime chumba chenyewe. Mara nyingi mashine ni nzima, ila inajaribu kukausha hewa ya mtaa mzima.

Chukua chumba cha mita 4 kwa 4 chenye kimo cha mita 3, yaani mita za ujazo 48. Nje ni nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 75. Ndani unataka nyuzi 24 na asilimia 55. Hewa ya chumba ikibadilika yote mara moja kwa saa kupitia mianya, inaingia na karibu gramu 680 za maji yanayopaswa kukaushwa. Kuyatoa maji hayo kunakula kama wati 460 za uwezo wa kupoza. Kushusha joto la hewa hiyo hiyo ni wati 120 tu. Jumla yake ni karibu sehemu moja ya sita ya mashine ya BTU 12,000. Pwani, basi, mwanya huumiza zaidi kwa unyevu unaopitisha kuliko kwa joto.

Chumba kinachotegemea upepo wa madirishani hakihitaji kipimo hiki. Kiache kipumue.

Vifaa

Bao moja la plaiwudi la futi 4 kwa 8, feni ya kunyonya hewa ya ukutani ya inchi 12, sponji ya kubandika pembeni mwa mlango, tepu ya mafundi rangi, nailoni, vijiti vya ubani, na mpira mwangavu wenye kipenyo cha ndani cha milimita 6 hivi. Kata plaiwudi ienee kwenye fremu ya mlango, toboa tundu la feni, kisha zungushia sponji kingo zote. Feni ielekezwe ili ivute hewa ya chumbani na kuitupa kwenye korido; hapo hewa ya nje italazimika kuingia kupitia mianya, nawe utaigundua. Fungua mlango au dirisha la korido linalotazama nje, la sivyo hewa itajazana hapo na kukuharibia vipimo.

Mita ya presha unaweza kuitengeneza mwenyewe. Presha ya paskali 50, kiwango ambacho wapimaji wa majengo hutumia duniani kote, ni sawa na maji kupanda milimita 5 tu, kiasi ambacho jicho halikioni vizuri. Kwa hiyo laza mpira juu ya ubao wa mita 1, ncha moja ya ubao ikiinuka sentimita 10 kuliko nyingine. Ncha ya chini ya mpira izame kwenye chupa ya mdomo mpana yenye maji, rangi kidogo na tone la sabuni ya vyombo; bila sabuni maji hung'ang'ania kuta za mpira na kusogea kwa kurukaruka. Ncha ya juu ipitishe kwenye kitundu cha plaiwudi hadi chumbani, mbali na feni. Chupa ibaki wazi kwenye korido, isipigwe na upepo unaotoka kwenye feni. Sasa kila sentimita 1 ambayo maji yanapanda kwenye mteremko ni karibu paskali 10.

Kabla ya kuwasha

Pima asubuhi mapema, kabla upepo wa baharini haujaamka. Zima kiyoyozi, feni ya dari na feni ya choo. Zima pia jiko la gesi, jiko la mkaa na hita ya maji ya gesi popote ndani ya nyumba. Feni hii inaweza kuvuta moshi wa sumu ukaingia mnamolala. Funga madirisha kama unavyoyafunga kiyoyozi kikifanya kazi. Choo kikiwa ndani ya chumba, acha mlango wake wazi na umwage ndoo ya maji kwenye mfereji wa sakafuni, kwa sababu mtego wake (kona ya bomba inayoshika maji ya kuzuia harufu) ukiwa umekauka utavuta harufu ya shimo.

Tazama dari pia. Kwa paskali 50, dari ya mita za mraba 16 husukumwa kwa nguvu ya uzito wa kama kilo 80. Jipsamu iliyofungwa kwa skrubu itavumilia bila shida, lakini mbao za dari zilizolegea zikazwe kwanza.

Kipimo chenyewe

Weka alama mahali maji yalipo feni ikiwa imezimwa. Yakichezacheza zaidi ya nusu sentimita, upepo ni mwingi, ahirisha. Washa feni, subiri dakika moja, soma. Feni za aina hii nyingi huishiwa nguvu kabla ya paskali 50, na 10 hadi 20 zinatosha kutafutia mianya. Maji yasiposogea kabisa, kuna tundu kubwa: tazama kama ukuta umeishia kwenye dari ya jipsamu bila kufika kwenye paa.

Lowesha mgongo wa kiganja upitishe taratibu kando ya kila kiungo. Ukihisi ubaridi, sogeza kijiti cha ubani sentimita 2 au 3 kutoka hapo; moshi ukisukumwa kuelekea kwako, hewa inaingia. Anza na tundu la mabomba ya kiyoyozi, ambalo mafundi hulitoboa kubwa na kuliziba kwa utepe mweupe upande wa nje tu. Fuata chini ya mlango wa nje, taa zilizozamishwa darini, kifuniko cha kupandia darini, kiungo cha ukuta na dari, kisha soketi na swichi. Soketi huwashangaza wengi: paipu ya nyaya hupanda hadi juu ya dari, na hewa ya moto ya chini ya bati hushukia humo.

Kujua mwanya upi una uzito, funika eneo moja moja kwa nailoni na tepu huku feni ikiendelea, ukisoma maji kila mara. Ukifunika taa zote na maji yakapanda kutoka sentimita 1 hadi 1.5, anza matengenezo hapo. Ukifunika dirisha na maji yakabaki palepale, hela ya dirisha jipya iweke kwanza.

Kuziba

Tundu la mabomba lijazwe fomu ya kupulizia (povu linalovimba na kukauka), kisha silikoni pande zote mbili. Nyufa za jipsamu zinataka sila (dawa ya kuziba nyufa) ya akriliki inayopakika rangi, maana silikoni haishiki rangi. Madirisha ya alumini ya kusukuma huvuja pale brashi zake zinapochakaa. Brashi huuzwa kwa mita na hubadilishwa bila kung'oa fremu. Usizibe vitundu vidogo vilivyo chini ya fremu upande wa nje. Hivyo hutoa maji ya mvua, na ukiviziba maji yatamwagikia ndani. Madirisha ya luva hayazibiki kwa maana yoyote ya kweli. Kwa ndani weka kioo kisichofunguka, au hamishia kiyoyozi chumba kingine.

Ukihitaji namba ya kuandikwa kwenye ripoti, mita ya maji haitoshi. Mpimaji mwenye feni ya mlangoni iliyosahihishwa atapima hewa inayopita kwa paskali 50 na kuigawa kwa ujazo. Akipata mita za ujazo 480 kwa saa katika chumba chetu cha 48, jibu ni mabadiliko 10 kwa saa. Kanuni ya Passivhaus ya Ujerumani, ya nyumba zinazotumia nishati kidogo sana, inaruhusu 0.6, na kanuni ya nishati ya Marekani ya mwaka 2012 iliruhusu 5 kwa nyumba za maeneo ya joto. Kulinganisha chumba kilichopimwa na feni tofauti kabla na baada ya matengenezo ni kazi bure. Tumia feni ile ile, mlango ule ule, na madirisha yakiwa katika hali ile ile.

Chumba kikishabana, watu wawili wanaolala humo bado wanahitaji hewa safi. Acha tundu moja lenye kifuniko cha kurekebisha na wavu wa mbu, upande usio na moshi wa jenereta wala wa jikoni, na ulifungue kidogo usiku. Wakiamka vichwa vizito, lifungue zaidi.