Jinsi ya kujiandaa kuomba ukaazi wa kudumu wa Kanada kwa mfumo wa alama

Wengi wanaoulizia Kanada huanza na fomu: inajazwa wapi, inalipiwa kiasi gani. Fomu ndiyo sehemu nyepesi. Kufungua profaili kwenye Express Entry, mfumo wa Kanada wa kuwapanga waombaji kwa alama, ulioanza Januari 2015, ni bure, na ukiwa na vitu vyako tayari unaimaliza jioni moja. Kinachokula miezi ni hivyo vitu vyenyewe: matokeo ya mtihani wa lugha, tathmini ya vyeti, barua za waajiri na fedha zilizotulia benki. Ndiyo maana hapa profaili nimeiweka karibu na mwisho.

Maelezo haya yanamhusu mtu mwenye taaluma aliyeko nje ya Kanada, anayeingia kupitia mpango wa Federal Skilled Worker. Jimbo la Quebec lina utaratibu wake lenyewe, huo tuuache.

Hesabu ni mbili, usizichanganye

Hesabu ya kwanza ni ya kufaulu au kuanguka: upate angalau alama 67 kati ya 100. Lugha ina hadi alama 28, elimu 25, uzoefu wa kazi 15, umri 12, ofa ya kazi 10, na mambo yanayorahisisha kuzoea maisha ya huko, kama kuwa na ndugu kule, 10. Hesabu ya pili, CRS, ina jumla ya alama 1,200, na hiyo ndiyo inayokupanga foleni na wenzako. Ya kwanza inakuruhusu kuingia kwenye foleni. Ya pili ndiyo inayoamua kama utaitwa.

Tuchukue muuguzi wa Mwanza mwenye umri wa miaka 31, hajaolewa, ana shahada na miaka mitano kazini. Umri unampa 12, shahada 21, uzoefu 13. Hapo ana 46, iliyobaki ni lugha. Kanada hupima lugha kwa ngazi zinazoitwa CLB, na mpango huu unadai angalau ngazi ya 7 katika kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, kila kimoja peke yake. Ngazi ya 7 ni 6.0 ya IELTS, mtihani wa Kiingereza, kila upande. Akipata hiyo anaongeza 16, jumla 62: ameanguka. Akipanda hadi ngazi ya 8 kote anaongeza 20, jumla 66: ameanguka kwa alama moja. Ngazi ya 9, ambayo ni 8.0 kusikiliza na 7.0 kwa vingine vitatu, inampa 24, na sasa ana 70.

Kama angekuwa na shangazi au kaka mwenye umri wa miaka 18 au zaidi anayeishi Kanada kwa uraia au ukaazi wa kudumu, angeongezewa 5 na kupita hata kwa ngazi ya 7. Ila kupita tu hakumfikishi mbali. Tazama CRS yake: kwa ngazi ya 7 anapata 325, kwa ngazi ya 9 anapata 418. Tofauti ni alama 93, mtu yule yule na cheti kile kile. Sababu ni kwamba lugha huhesabiwa mara mbili: yenyewe kwanza, kisha inapounganishwa na elimu na uzoefu. Ndiyo maana mtu anayeniuliza kama akasome shahada ya uzamili kwanza au arudie IELTS, humwambia arudie IELTS.

Mtihani wa lugha

Kwa IELTS, jisajili kwa aina ya General Training. Academic haikubaliki hapa, hata kama uliifanya kwa ajili ya usajili wa uuguzi au chuo cha Uingereza na ukapata alama nzuri. Mitihani mingine ya Kiingereza, CELPIP General na PTE Core, nayo inakubaliwa. Matokeo hudumu miaka miwili, na ni lazima yawe hai siku unapofungua profaili na siku unapowasilisha maombi pia.

Wasomaji wetu wengi hukwama kwenye kuandika. Tumesoma kwa Kiingereza tangu sekondari, tunafanya kazi kwa Kiingereza, basi tunaingia chumba cha mtihani bila kujiandaa. Msahihishaji anataka barua na insha yenye hoja inayosonga, aya zenye mpangilio na sarufi safi, ndani ya saa moja. Hilo ni zoezi la kufanywa kila siku kwa miezi kadhaa, na ni vizuri zaidi ukipata mtu wa kukusahihishia.

Sasa Kifaransa. Msomaji wa Bukavu, Goma, Lubumbashi au Bujumbura ana mtaji ambao sisi wa Dar na Nairobi hatuna. Kifaransa kinaweza kuwa lugha yake ya kwanza kwa mtihani wa TEF Canada au TCF Canada, na akipata angalau ngazi ya 7 kote, kisha akafanya na Kiingereza hadi ngazi ya 5, ambayo kwa IELTS ni 5.0 tu, kwa kusoma hata 4.0, anapata alama 50 za ziada kwenye CRS. Zaidi ya hapo, tangu 2023 Kanada huendesha droo, yaani awamu za kuwaalika wenye alama za juu kwenye foleni, za makundi maalumu, na kundi la wajuzi wa Kifaransa limekuwa na ukomo, yaani alama ya CRS ya mwisho kualikwa, wa chini kuliko mengi. Droo moja ya Machi 2025 ilishuka hadi 379. Mwaka huo huo droo za wahudumu wa afya zilicheza takriban kati ya 460 na 510, na za watu ambao tayari wana uzoefu wa kazi wa Kanada zilikuwa juu ya 500.

Rudi kwa muuguzi wetu mwenye 418. Akijifunza Kifaransa hadi ngazi ya 7 anapanda hadi 480, na anaingia kwenye kundi la Kifaransa pamoja na la afya. Si kazi ya miezi mitatu kwa mtu anayeanza na bonjour. Jipe mwaka na nusu au miwili. Alliance française zipo Nairobi na Dar es Salaam.

Vyeti

Shahada yako lazima ipimwe na taasisi iliyoidhinishwa na Kanada. Inayojulikana zaidi kwetu ni WES, ila daktari hupitia Medical Council of Canada. Ripoti hudumu miaka mitano. Kawaida chuo chenyewe ndicho kinachotuma matokeo yako kwao, hawayapokei kutoka mkononi mwako. Hapo ndipo siku zinapopotea: faili limehifadhiwa kampasi nyingine, anayesaini yuko likizo, bahasha imetoka bila muhuri. Fuatilia ana kwa ana, au umtume ndugu asiyechoka kusubiri kwenye benchi.

Kabla ya hapo linganisha majina. Kama cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, cha chuo matatu, na pasipoti imegeuza mpangilio, sawazisha sasa kwa hati ya kiapo au kwa kubadili jina kisheria. Cheti cha ndoa au cha kuzaliwa kilichoandikwa kwa Kiswahili kitatafsiriwa na mfasiri anayetambulika, si binamu yako anayejua Kiingereza. Hati za Kifaransa hazihitaji tafsiri.

Barua za kazi

Kila kazi Kanada ina namba ya tarakimu tano katika orodha iitwayo NOC, na daraja liitwalo TEER. Zinazohesabiwa kwenye mpango huu ni za TEER 0, 1, 2 na 3. Muuguzi aliyesajiliwa ni 31301, mhasibu ni 11100, zote TEER 1. Keshia wa dukani ni TEER 5, na hata akifanya miaka kumi haimsaidii. Uzoefu wa chini ni mwaka mmoja mfululizo wa kazi ya kulipwa, saa 30 kwa wiki, ndani ya miaka kumi iliyopita.

Chagua namba kwa majukumu unayoyafanya, si kwa cheo kilichoandikwa mlangoni. Kisha omba barua. Barua tulizozizoea, zile za mistari mitatu zinazosema fulani alikuwa mwaminifu na tunamtakia kila la heri, hazina thamani hapa. Inatakiwa iwe na nembo ya mwajiri, saini, cheo, tarehe ya kuanza na kuacha, saa kwa wiki, mshahara na marupurupu, na majukumu yenyewe. Mwandikie mwajiri rasimu ukipenda, lakini usinakili maneno ya NOC neno kwa neno. Afisa ameyasoma mara nyingi. Kampuni ikiwa imefungwa, kusanya mikataba, hati za mishahara na taarifa ya michango ya NSSF, na uandike maelezo. Uliyejiajiri utahitaji karatasi za kodi za TRA au KRA na barua za wateja. Kiapo chako mwenyewe hakitoshi.

Fedha

Asiye na ofa halali ya kazi lazima aonyeshe akiba ya kuanzia maisha. Kiwango hurekebishwa kila mwaka: kilichotangazwa Julai 2025 kilikuwa dola za Kanada 15,263 kwa mtu mmoja na 28,362 kwa familia ya watu wanne. Mume au mke na watoto wanahesabiwa hata kama hawasafiri nawe. Benki itoe barua yenye tarehe ya kufungua akaunti, salio la sasa, wastani wa miezi sita na madeni yako. Pesa ya mkopo haikubaliki, wala thamani ya nyumba au kiwanja. Michango ya familia iliyoingia wiki iliyopita itazua maswali, basi kama ni zawadi iwe na barua ya mtoaji, na iingie mapema.

Profaili, kisha mwaliko

Sasa ndipo unafungua profaili. Hudumu miezi 12, na unaweza kuiboresha wakati wowote. Wanandoa wapige hesabu kwa kila mmoja kama mwombaji mkuu. Mara nyingi anayedhaniwa ana kidogo ndiye mwenye nyingi. Angalia na tarehe ya kuzaliwa: kuanzia 30 kila mwaka unakupunguzia alama tano au sita za CRS, na kutoka 40 kwenda 41 zinaondoka 11. Ukiteuliwa na jimbo la Kanada unaongezewa 600, kwa hiyo soma mipango ya majimbo. Alama za ofa ya kazi kwenye CRS ziliondolewa Machi 2025, hivyo anayekuuzia ofa kwa ahadi ya kukupandisha foleni anakuuzia hewa. Anayeruhusiwa kulipwa kukuwakilisha ni mwanasheria wa Kanada, notari wa Quebec, au mshauri aliyesajiliwa na College of Immigration and Citizenship Consultants. Jina lake lazima lionekane kwenye rejista ya chombo kilichomsajili.

Taja watoto wote, hata wa nje ya ndoa, hata anayelelewa na bibi na asiyesafiri. Unaweza kuzuiwa usimdhamini baadaye mtoto uliyemficha, na kudanganya hukufungia milango kwa miaka mitano.

Ukialikwa una siku 60 za kuwasilisha kila kitu. Cheti cha polisi kinatakiwa kutoka kila nchi uliyoishi miezi sita mfululizo au zaidi katika miaka kumi iliyopita. Kenya unaanzia eCitizen. Mliofanya kazi Oman, Dubai au Doha, chukueni chenu kabla hamjarudi nyumbani, kwani kukifuatilia kutoka Mombasa ni adha. Tangu Agosti 2025 kipimo cha afya hufanywa kabla ya kuwasilisha, kwa daktari aliyeidhinishwa na Kanada pekee. Ada kwa viwango vya Aprili 2024 ilikuwa dola 950 pamoja na 575 za haki ya ukaazi, na alama za vidole 85. Hupandishwa kila baada ya miaka miwili. Vidole hupigwa vituo vya Nairobi, Dar es Salaam au Kampala.

Ukioa, ukizaa au ukibadilisha kazi kabla ya kutua Kanada, toa taarifa mara moja kupitia akaunti yako, hata kama viza imeshagongwa kwenye pasipoti.