Kutunza Mimea Inayokula Wadudu Nyumbani

Anayenunua mmea unaokula wadudu kwa mara ya kwanza huuliza ataulisha nini, ilhali swali linaloamua uhai wake ni ataumwagilia maji gani. Mimea hii asili yake ni vinamasi na nyanda zenye udongo wa tindikali, ambako nitrojeni ni haba na hupatikana kwa kunasa wadudu. Mizizi iliyozoea ufukara huo hudhuriwa na chumvichumvi za maji ya bomba, na zaidi na maji ya visima vya pwani, ambayo mara nyingi ni ya chumvi hata ukiyaonja.

Kinga, basi, maji ya mvua. Yakitoka kwenye paa la bati, acha mvua ya mwanzo ioshe vumbi kwanza, kisha uyahifadhi katika dumu lenye kifuniko. Yakiisha wakati wa kiangazi, nunua maji safi ya betri, mradi uhakikishe kwamba hukuuziwa asidi. Kuchemsha maji ya bomba hakusaidii, kwa kuwa kinachopotea ni mvuke na chumvi inabaki palepale.

Kwa anayeanza, napendekeza Drosera capensis ya Rasi, Afrika Kusini, mmea unaonasa wadudu kwa vinyweleo vyenye ute unaonata. Dionaea muscipula, ule maarufu unaofumba jani nzi anapogusa vinyweleo vyake, ni wa Carolina ya Kaskazini na ya Kusini huko Marekani. Mmea huo huhitaji mapumziko ya miezi mitatu au minne ya baridi, na ukiukosesha mapumziko hayo mwaka baada ya mwaka hudhoofika. Drosera capensis haina sharti hilo.

Drosera yako ipande katika chungu cha plastiki chenye peti (mabaki ya mimea yaliyooza nusu kinamasini) na mchanga wa silika uliooshwa, kwa vipimo sawa. Kokopiti, yaani chengachenga za makumbi ya nazi, yaweza kutumika badala ya peti, lakini iloweke na kuisuuza mara kadhaa kwa maji ya mvua, kwa sababu nyingi huja na chumvi. Mchanga wa baharini, udongo wa bustani, samadi na mbolea visikaribie kabisa.

Weka chungu juu ya kisahani chenye maji ya kina cha sentimita moja au mbili, mahali penye jua la saa kadhaa. Vinyweleo vikibaki kijani bila kuwa vyekundu, kwa kawaida mwanga hautoshi. Kisahani hicho, cha ajabu, kitakuzalia mbu wengi kuliko watakaonaswa na mmea, hivyo mwaga maji na uweke mengine kila baada ya siku tatu.

Mmea ulio barazani hujilisha wenyewe. Wa ndani uwekee mbu mmoja, hata aliyekufa, juu ya jani kwa kibanio: vinyweleo vya jirani huanza kumwinamia, na baada ya saa kadhaa jani lenyewe hujikunja likamzunguka. Nyama usiupe, kwani huoza na kuliozesha jani.

Ukitaka kuuzidisha, kata jani lenye afya na uliache lielee katika glasi ya maji ya mvua penye mwanga usio mkali. Baada ya wiki kadhaa miche midogo huchipua juu yake. Ikishapata mizizi, ihamishie kwenye chungu chenye mchanganyiko uleule.