Kompyuta ya mezani haioni kifaa cha Wi-Fi: pata namba kwanza, draiva baadaye

Kompyuta ya mezani isiyoona kifaa cha Wi-Fi ina moja kati ya matatizo mawili, na dawa ya moja haitibu jingine. Huenda bodi kuu yenyewe haijui kwamba kuna kitu kimechomekwa. Au bodi inakijua, ila Windows haina draiva, yaani programu ya kukiendesha. Kosa la kila siku ni kurukia draiva kabla ya kujua uko upande gani. Mtu anamaliza bando kupakua programu za "kutafuta draiva", kumbe tundu la USB la mbele lilishakufa zamani.

Utakutana na hali hii zaidi kwenye mashine za mtumba za ofisini, zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk za kwenye stationari za Majengo hapa Dodoma au karibu na UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma). Nyingi ziliagizwa zikiwa za kuunganishwa kwa waya, na Wi-Fi inaongezwa baadaye kwa kifaa kidogo cha USB au kadi ya ndani. Tuanze na USB, maana ndiyo rahisi na ndiyo inayonunuliwa na wengi.

Chomeka huku unatazama

Bofya kulia kitufe cha Start, chagua Device Manager (orodha ya vifaa vyote vya kompyuta), liache dirisha hilo wazi. Chomeka kifaa kwenye tundu la nyuma ya boksi, lililoungwa moja kwa moja na bodi kuu. Usitumie la mbele kwa sasa, wala hab (kigawanyio cha matundu ya USB). Orodha ikipepesa na kompyuta ikatoa mlio, bodi imekiona. Chomoa, chomeka tena, ujue kwa hakika ni mstari gani unaokuja na kuondoka.

Ukiona mstari mpya chini ya "Other devices" wenye alama ya njano, kwa mfano "802.11n NIC", una bahati: kifaa ni kizima, kinachokosekana ni draiva. Ukifungua mstari huo utakuta Code 28. Kama kimo chini ya "Network adapters" lakini kina kishale kinachoangalia chini, kimezimwa tu (Code 22). Bofya kulia, chagua "Enable device", kazi imeisha.

Ukiona "Unknown USB Device (Device Descriptor Request Failed)" na Code 43, acha kabisa habari za draiva. Ujumbe huo maana yake kompyuta imehisi kitu kimechomekwa, ikakiuliza jina, kisha haikupata jibu linaloeleweka. Windows inakiandika VID_0000, yaani hata mtengenezaji hajulikani. Chanzo ni tundu, waya wa kurefusha, umeme mdogo au kifaa chenyewe kuungua.

Kama orodha haitikisiki na hakuna mlio

Fanya majaribio matatu kabla ya kufungua chochote: kifaa hichohicho kwenye tundu jingine, flashi nzima kwenye tundu hilohilo, kisha kifaa kwenye kompyuta nyingine. Flashi ikisoma na kifaa kisisome popote, kifaa kimekufa. Flashi nayo ikigoma, tatizo ni tundu.

Umeme ndio unaosahaulika. Tundu la USB 2.0 hutoa hadi miliampia 500 kwa volti 5, la USB 3.0 hutoa 900. Matundu ya mbele hupata umeme huo kupitia waya mwembamba unaopita ndani ya boksi, na kwenye mashine kuukuu plagi ya waya huo kwenye bodi huwa imelegea. Waya wa kurefusha wa mita tatu nao hushusha volti. Kifaa chenye antena kubwa huomba umeme mwingi pale kinapoanza kurusha mawimbi, kwa hiyo unaweza kukiona kinatokea kwa sekunde chache kisha kinapotea. Hiyo ni njaa ya umeme, siyo draiva mbovu. Kikipotea baada ya kukaa bila kazi, fungua kila "USB Root Hub" kwenye Device Manager, nenda "Power Management", toa tiki inayoruhusu kompyuta kuzima kifaa ili kuokoa umeme.

Kwa Dodoma ongeza vumbi. Kiangazi likiingia kwenye tundu ambalo halijatumiwa mwaka mzima, vibati vya ndani havigusani. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, safisha kwa mswaki laini mkavu au blowa. Vikiwa vimepata kutu, tumia tone la spiriti ya isopropili, kisha subiri ikauke. Usichokonoe kwa pini.

Kisha zima mashine kikamilifu. Kwenye Windows 10 na 11, kuzima kwa kawaida huwa si kuzima hasa, kwa sababu ya Fast Startup: sehemu ya mfumo huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa ilivyokuwa, pamoja na ukwamo wake. Shikilia Shift huku unabofya Shut down. Ikizima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15, ndipo uwashe tena. Kifaa kilichokwama baada ya umeme kukatika ghafla mara nyingi hurudi hapo.

Bado? Ingia BIOS (mipangilio ya bodi kuu inayofunguka kabla ya Windows): F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo za mezani, ukibonyeza mara tu baada ya kuwasha. Mashine za ofisini, hasa zilizotoka sehemu zinazoogopa wizi wa data, wakati mwingine zina matundu ya USB yaliyofungwa humo. Kwenye Dell tafuta "USB Configuration", kwenye HP tafuta sehemu ya usalama wa USB, ufungue matundu ya mbele na ya nyuma. Ukikuta saa na tarehe ya kompyuta ndani ya BIOS imerudi miaka mingi nyuma, betri ya CR2032 imekwisha, na mipangilio inaweza kurudi ya kiwandani kila unapozima swichi ya ukutani. Betri nzima huonyesha volti 3 au zaidi kidogo kwenye mita. Ikikaribia 2.5, badilisha.

Wenye Windows 7 wana mtego wao: haina draiva ya USB 3.0 ndani yake, kwa hiyo matundu ya bluu yanaweza kuwa mafu hadi uiweke. Tumia matundu meusi.

Soma namba ya kifaa

Kifaa kikionekana, kwa jina lolote lile, namba yake ndiyo inayoamua draiva. Jina la kwenye boksi halitoshi, kwa sababu watengenezaji hubadilisha chipu bila kubadilisha jina. TL-WN722N ya TP-Link toleo la kwanza lilitumia chipu ya Atheros AR9271. Kuanzia toleo la pili ni Realtek RTL8188EUS. Plastiki ileile, draiva tofauti kabisa. Na vile vidude vidogo visivyo na jina, vilivyoandikwa "150Mbps" tu, bila namba huwezi kuvijua.

Bofya kulia mstari wa kifaa, chagua Properties, fungua "Details", kwenye menyu chagua "Hardware Ids". Utaona kitu kama USB\VID_0BDA&PID_8179. VID ni mtengenezaji, PID ni modeli. 0BDA ni Realtek, 148F ni Ralink, 0E8D ni MediaTek, 2357 ni TP-Link. Kwa mfano huo, 0BDA na 8179 ni RTL8188EUS. 0BDA na C811 ni RTL8811CU.

Namba hiyo iandike kwenye tovuti ya Microsoft Update Catalog, yaani catalog.update.microsoft.com, kama ilivyo. Utapata faili la .cab. Tengeneza folda, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) na uandike expand -F:* jina.cab C:\draiva, ukiweka jina la faili lako. Kisha rudi Device Manager, "Update driver", "Browse my computer", elekeza kwenye folda hiyo. Ni njia safi kuliko zile programu zinazoahidi kurekebisha draiva zote kwa mkupuo, ambazo huja na matangazo na vitu usivyoomba.

Intaneti ya kupakulia itoke wapi wakati Wi-Fi ndiyo inayokosekana? Unganisha simu ya Android kwa waya wa data, washa "USB tethering" kwenye mipangilio ya hotspot. Windows 10 na 11 kwa kawaida huitambua yenyewe kama mtandao wa waya. Kabla ya chochote, nenda Settings, Network & internet, Ethernet, uwashe "Metered connection". Usipofanya hivyo, Windows itaanza kuvuta masasisho yake na bando litaisha kabla draiva haijashuka.

Kifaa kinachojifanya CD

Hili linawachanganya hata mafundi. Unachomeka kifaa, mlio unasikika, ila kwenye "Network adapters" hakuna kitu. Badala yake ndani ya This PC kimetokea kiendeshi cha CD. Vifaa vingi vipya vya Realtek hubeba draiva ndani yao na kujitambulisha kwanza kama diski, kwa namba 0BDA na 1A2B. Fungua diski hiyo, endesha faili la setup. Kama hakibadiliki, bofya kulia diski na uchague "Eject": hujizima kama CD na kurudi kama Wi-Fi. Kwenye Linux amri ni sudo usb_modeswitch -KW -v 0bda -p 1a2b.

Kadi ya ndani

Zima, chomoa umeme, gusa chuma cha boksi kabla ya kushika kadi. Hewa ya Dodoma ya kiangazi ni kavu na umeme tuli hujikusanya kwa urahisi. Kadi ya PCIe x1 (PCIe ni matundu ya kadi yaliyo juu ya bodi kuu) inaingia kwenye tundu fupi au hata lile refu la x16, kwa hiyo ijaribu mahali pengine. Kwenye boksi dogo la OptiPlex SFF unahitaji bati fupi la nyuma. Ukilazimisha refu, kadi hukaa ikiwa imeinuka upande mmoja na bodi haiioni. Mistari ya dhahabu ya kadi ifute kwa raba safi ya penseli.

Ukinunua kadi ya M.2 (kadi ndogo bapa) iliyotolewa kwenye laptopu, soma jina kabla ya kulipa. Intel AX200 na AX210 ni PCIe ya kawaida na hufanya kazi kwenye adapta za mezani. AX201 na AX211 hutegemea sehemu iliyomo ndani ya jukwaa la Intel lenyewe: kwenye adapta ya PCIe hazitaonekana, na kwenye mashine yenye prosesa ya AMD hazionekani kamwe. Hakuna draiva itakayobadilisha hilo. Kama Wi-Fi inaonekana na Bluetooth haionekani, waya mdogo wa pini tisa kutoka kwenye kadi haujaunganishwa kwenye kichwa cha USB cha bodi.

Kimeonekana, ila alama ya Wi-Fi haipo

Kwenye Start andika services.msc, tafuta "WLAN AutoConfig", hakikisha inaendeshwa na imewekwa Automatic. Kisha kwenye Command Prompt andika netsh wlan show interfaces. Ukijibiwa kwamba hakuna kiolesura cha Wi-Fi wakati Device Manager inakionyesha kizima, ondoa kifaa kwa "Uninstall device" pamoja na draiva yake, washa upya, uiweke upya. Kama kiolesura kipo lakini hakioni mtandao hata mmoja, angalia antena za kadi ya ndani. Ukiona mtandao wa jirani na si wa kwako, huenda ruta yako inarusha kwenye GHz 5 na kifaa chako ni cha 2.4 pekee.

Watumiaji wa Ubuntu waandike lsusb au lspci -nnk kupata namba zilezile, na rfkill list kuona kama imefungwa. Chipu za RTL8811CU na ndugu zake za USB ziliingizwa kwenye kerneli (kiini cha Linux) kuanzia toleo la 6.2, kwa hiyo mara nyingi kusasisha kerneli kunatosha. Ukijenga draiva mwenyewe kwa DKMS (zana ya kujenga draiva za kerneli) na isipakie, mara nyingi Secure Boot, ulinzi unaokataa draiva zisizosainiwa, ndiyo inayoizuia: isaini draiva hiyo au uzime Secure Boot kwenye BIOS.