Tetemeko limetokea wapi? Namna ya kupata kitovu kwa sekunde, ramani na uzi

Ardhi ikitikisika Tukuyu au Kyela, watu hawaniulizi kwanza lilikuwa kubwa kiasi gani. Wananiuliza: "Ni Rungwe?" Mtu anayelala chini ya mlima wa volkano ana haki ya kuuliza hivyo, maana anawafikiria wanawe. Miaka kadhaa sasa natunza vipimatetemeko katika nyanda hizi. Nachimba mashimo ya kuvifukia, nabadilisha betri, nasoma michoro yake. Jibu la swali hilo linapatikana mezani, kwa kutoa na kuzidisha tu, na ningependa kila mwalimu wa jiografia wa huku kwetu aweze kulitafuta na wanafunzi wake.

Andaa ramani ya skeli 1:1,000,000, ambayo sentimita 1 yake ni kilomita 10. Tafuta na rula, penseli iliyochongwa vizuri, pini, na uzi usiovutika. Bikari ya shule ni nzuri, ila kwa duara kubwa haifunguki vya kutosha. Uzi na pini vitakuokoa.

Hatua ya 1: Elewa tumekaa wapi

Mbeya iko kwenye njia panda ya Bonde la Ufa. Tawi moja linakwenda kaskazini-magharibi kupitia Rukwa, jingine linashuka kusini-mashariki na kubeba Ziwa Nyasa, la tatu ni bonde la Usangu upande wa kaskazini-mashariki. Penye maungio ndipo zilipoota volkano za Rungwe, Ngozi na Kyejo. Ukipanda kutoka Chimala kwenda Matamba kwa ile barabara ya kona hamsini na saba, unapanda ukingo wa ufa: Usangu ilishuka, Kitulo ikabaki juu.

Bara linaachana hapa kwa milimita chache tu kwa mwaka. Lakini miamba ya pande mbili za ufa imeng'ang'aniana, haitelezi siku kwa siku. Inapinda. Chukua mwanzi mbichi, ushike ncha zote mbili, uupinde polepole: kwa muda mrefu hauoni kitu, kisha unakatika, vipande vinarudi kunyooka kwa ghafla na mikono yako inapata mshtuko. Mshtuko ule ndio tetemeko. Maelezo haya yalitolewa na Harry Fielding Reid baada ya tetemeko la San Francisco la mwaka 1906. Miaka minne baadaye, tarehe 13 Desemba 1910, ukanda wetu wa Rukwa ulipata lake, lenye ukubwa wa takribani 7.4.

Hatua ya 2: Tenganisha P na S

Hapa usiwe na haraka. Kazi yote inasimama au kuanguka kwenye hatua hii.

Mwamba ukikatika hutoa mawimbi ya aina mbili yanayopita ndani ya ardhi. P husukuma na kuvuta kuelekea linakokwenda wimbi, nalo lina kasi, kama kilomita 6 kwa sekunde. S hutikisa kwa pembeni, nalo huenda kama kilomita 3.5 kwa sekunde. Kwa hiyo P hufika kwanza, na kadiri ulivyo mbali ndivyo S inavyozidi kuchelewa.

Ndani ya nyumba utazihisi hivi: kwanza kama mtu amegonga sakafu kutoka chini, vioo vya dirisha vinalia, vyombo kabatini vinagongana. Halafu sekunde kadhaa za kusubiri. Kisha nyumba inayumba na taa inaning'inia huku na huko. Kule kugonga ni P, kuyumba ni S.

Kwenye mchoro, mstari unatambaa na mikwaruzo midogo ya kawaida. Ghafla unatikisika kwa meno membamba, yamebanana. Weka alama ya penseli kwenye jino la kwanza kabisa, hata likiwa dogo, usivutwe na lile refu. Endelea kulia. Meno yanapungua, halafu mchoro unafura: mawimbi yanakuwa marefu zaidi na yaliyoachana zaidi. Pale panapobadilika ndipo S. Kifaa kinachopima pande tatu kitakurahisishia, maana P huonekana vizuri kwenye mstari wa juu-chini, na S kwenye mistari miwili ya ulalo.

Jihadhari na mitikisiko ya binadamu. Kituo changu kimoja nilikifukia karibu mno na mashine ya kusaga. Kuanzia asubuhi hadi jioni mstari ulikuwa mnene kama kamba, na P ndogo zote zilizama humo. Nililazimika kukihamisha.

Kuna jambo linalowafurahisha wanaoanza: saa ya kifaa ikipoteza majira, kipimo hiki hakiharibiki. P na S zimesomwa kwa saa ileile moja, na wewe unataka tofauti yake tu.

Hatua ya 3: Geuza sekunde kuwa kilomita

Toa muda wa P kwenye muda wa S, kisha zidisha kwa 8. Nane inatoka wapi? P hutumia kama sekunde 0.167 kwa kila kilomita, S hutumia kama 0.29. Kila kilomita inaongeza pengo la sekunde 0.12 hivi, kwa hiyo sekunde moja ya pengo ni kilomita 8 na kidogo. Kanuni hii inafaa kwa matetemeko ya karibu. Ukishapita kilomita 150 au 200, mawimbi ya kwanza kufika ni yale yaliyozama hadi kwenye miamba ya chini yenye kasi zaidi, na nane inaanza kukudanganya.

Tufanye zoezi kwa namba nilizozitunga, tukichukulia tuna vifaa miji mitatu:

Mbeya, pengo sekunde 11.3, umbali kilomita 90.
Njombe, sekunde 10.5, kilomita 84.
Vwawa, sekunde 16, kilomita 128.

Hatua ya 4: Chora duara mbili, usiamini bado

Choma pini Mbeya, pima uzi wa sentimita 9, zungusha. Choma Njombe, sentimita 8.4, zungusha. Duara zitakatana mahali pawili: pa kwanza ni karibu na Matema, kichwani mwa Ziwa Nyasa, na pa pili ni kaskazini, kwenye tambarare ya Usangu kuelekea Rujewa. Sehemu zote mbili zina nyufa, kwa hiyo zote zinaonekana kuwa za kweli.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na vituo viwili tu vilivyofanya kazi, nikachagua upande mmoja kwa kubahatisha na kuwaambia watu limetoka kwao. Kumbe halikutoka huko. Walikuwa wameshalala nje siku mbili kwa ajili ya neno langu. Tangu hapo sitamki jina la mahali kabla ya duara la tatu.

Hatua ya 5: Duara la tatu

Vwawa, sentimita 12.8. Linapita Matema na kuiacha Usangu. Kama tetemeko lingetoka upande wa Rujewa, Vwawa ingesoma pengo la karibu sekunde 19. Sekunde tatu tu ndizo zilizoamua.

Matema iko takribani kilomita 55 kutoka kilele cha Rungwe. Siku moja, nikiwa nimepiga magoti kwenye shimo la kifaa, bibi mmoja alinisogelea.

"Mwanangu, hiki kitu kinazuia tetemeko?"

"Hapana bibi, hakizuii. Wala hakijui la kesho. Kinanieleza lile la juzi lilitoka wapi."

"Na lilitoka wapi?"

"Upande wa ziwa, bibi. Si mlimani."

Aliketi kwenye majani, akashusha pumzi.

Hatua ya 6: Duara zisipokutana

Mara nyingi hazitakutana kwenye nukta moja. Zitapitana na kuacha kipembetatu katikati. Chukua katikati yake, lakini jiulize kuhusu kina. Umbali uliopima ni wa kutoka kwenye kifaa hadi mwamba ulipokatikia, chini huko, na katika ukanda huu inaweza kuwa kilomita 30. Tumia kanuni ya Pythagoras: kama umbali ni 90 na kina ni 30, duara lako kwenye ramani linapaswa kuwa la kilomita 85. Jaribu kina cha 10, 20, 30, uone kipi kinabana kipembetatu zaidi.

Kina ndicho pia kinachofanya kitovu, yaani mahali pa juu ya ardhi palipo wima juu ya mwamba uliokatika, kisikae kwenye mstari wa ukingo. Safu ya Livingstone inayosimama wima juu ya Matema ni ukingo wa ufa mrefu, lakini ufa wenyewe unainama kuelekea chini ya ziwa. Ukiinama nyuzi 60 na mwamba ukakatika kina cha kilomita 15, kitovu kitakuwa kama kilomita 9 ndani ya ziwa. Na usikimbilie kuutwisha ufa mkubwa kila kosa: matetemeko ya Karonga ya Desemba 2009, ng'ambo ya ziwa nchini Malawi, yalitokea upande wa magharibi, si kwenye ukingo wa Livingstone.

Hatua ya 7: Andika

Kwenye daftari andika tarehe, jina la kila kituo, muda wa P, muda wa S, na kina ulichojaribu. Usiandike kilomita peke yake. Kosa la sekunde moja ni kilomita 8, na siku mtu akija na mwendokasi sahihi zaidi wa miamba ya huku, atazihitaji sekunde zako ili azichore upya.